Mgeni Siku Tano

Vijiko vitatu vya uji wa ulezi
vilikosea njia panda ya koo
vikashika barabara ya pumzi.
Ilikuwa juzi. Leo tunapokea majibu.

Mzee Anyosisye, mkulima wa chai wa Masoko:
Jumatatu kiharusi kilimchukua mkono wa kulia,
Jumanne kikarudi kuchukua ulimi.
Binti yake, Tusekile, hakuambiwa na mtu
kwamba koo nalo hupooza, tena bila kupiga hodi.
Alimlisha baba akiwa chali,
kama alivyolishwa yeye,
kwa kijiko kidogo na maneno ya kubembeleza.

Saa saba usiku.
Mvua ya Tukuyu hainyeshi, inaishi;
ina kitanda chake juu ya bati la wodi hii.
Homa thelathini na tisa. Oksijeni themanini na sita.
Pafu la kulia, kule chini,
linachakacha kama mtu anayekanyaga
majani makavu ya mgomba.

Nesi Atupakisye ameshaleta trei:
seftriaksoni,
na ubavuni mwake chupa ya metro.
"Ndivyo tunavyofanya," anasema,
bila ubishi, kama mtu atiaye sukari kwenye chai
pasipo kuuliza.

Nami nilifundishwa hivyo.
Kilichoshuka kutoka kinywani
kimebeba wadudu wasiopenda hewa,
na wasiopenda hewa wana dawa yao.
Hoja imenyooka kama mistari ya chai kule Katumba.
Lakini waliokaa wakahesabu wagonjwa
wanasema wadudu wale ni wachache kuliko tulivyodhani,
na kumpa mtu dawa ya adui asiyekuwepo
ni kumtapisha bure,
ni kumwachia ladha ya sarafu mdomoni
na tumbo lililofyekwa hadi udongo.

Naipandisha picha kwenye taa.
Naitafuta duara nyeusi, shimo lenye usaha,
kitu cha kunishtaki.
Naona wingu tu, wingu la kawaida.
Nainama kunusa pumzi yake:
ulezi, mate, uzee. Hakuna uvundo.

Je, kama ni uji tu uliounguza ukapita?
Ningesubiri, ningekunja mikono.
Ila siku ya pili hii, na homa inapanda mlima.
Duka la dawa lina amoksiklavu ya vidonge,
dawa njema,
lakini kidonge nacho hupita njia panda ile ile.

"Moja," nasema. "Seftriaksoni peke yake."

Atupakisye ananitazama
kwa miaka yake ishirini na sita ya wodini.
Kisha anatoka, anarudi na matofali mawili
na kuyasukuma chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwa,
maana mkono wa kuinulia ulivunjika tangu masika.
Anazungushia shashi kidoleni
anamsafisha mzee meno, ufizi, ulimi ule uliolala,
taratibu, kama anayefuta kioo cha taa.
"Wengine wamepona kwa hiki," ananiambia,
na sijui anakisema kitambaa, au matofali, au ukimya.

Tusekile yuko mlangoni, kanga imelowa.
"Daktari, ni mimi niliyemuua?"
"Hajafa."
Sikuwa na jibu lililo bora. Bado sinalo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu wangu nimempa siku tano,
na tarehe ya kuondoka nimeiandika kwenye faili
kabla hajavuka mlango wa mshipa.
Nikikosea, homa itaniambia keshokutwa.

Tone la kwanza linashuka.
Ile chupa ya metro haijarudi kabatini.
Imo mfukoni mwa sweta la Atupakisye.
Nimeiona,
naye anajua nimeiona.